Gemu ya Shamba na Ng'ombe wa Godana

Vijana wangu mliobaki na funguo, mmeniomba niwaandikie jinsi kazi hii ilivyokuwa mwanzoni, kabla mashine hazijawa nyembamba kama sahani na kabla stima haijafika kila kibanda. Haya, naandika. Mshahara sitautaja, maana haukuwa wa kutajwa. Wala sitasema nani alipanda cheo, kwa kuwa chumba cha gemu hakina cheo: kuna anayeshika ufunguo na kuna anayeshika padi ya kuchezea. Mimi nilishika ufunguo tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipoanza kulalamika kila nikiinama kuchomeka waya.

Nilianza Garsen, miaka ile ya mwisho ya tisini. Mwenye chumba alikuwa Bwana Famau, mtu wa Kipini, aliyechoka kuuza samaki wakavu akaenda Mombasa akarudi na televisheni mbili na mashine mbili, moja ya kaseti na nyingine ya sidii. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Ngao, shule nimemaliza, kazi sina. Aliniuliza swali moja tu.

"Rehema, waeza kumwambia mwanamume mzima kuwa zamu yake imekwisha?"

Nikamwambia mimi ni kifungua mimba, nimewanyang'anya wadogo zangu vijiko tangu wakitambaa. Akacheka, akanipa ufunguo.

Siku ya kwanza nilidhani nitakufa kwa joto. Jenereta ilikuwa nyuma ya ukuta wa bati, moshi wake unapenya ndani, na vijana wamejazana kwenye benchi wakipiga kelele. Kaseti ikakataa kuwaka. Nikafanya kama nilivyoona wengine wakifanya, nikaipuliza kwa nguvu zangu zote. Bwana Famau akanishika mkono.

"Huo si uji, mwanangu. Pumzi ina mate, na mate hula chuma. Ndoo hapa nikuoneshe."

Akanionesha: pamba kidogo, spiriti kidogo, unasugua meno ya kaseti taratibu, unaiacha ikauke. Mashine ya sidii nayo ilipochoka kusoma tuliilaza chali, miguu juu, ikafanya kazi hivyo miaka yote. Msiniulize kwa nini. Mgonjwa akipata nafuu kwa kulala kichalichali, mwacheni alale.

Lakini fundisho lake kubwa halikuwa la spiriti. Bwana Famau alikuwa na sheria kwamba gemu mpya haifikii mteja kabla mshika ufunguo hajaicheza mchana kutwa, kisha akaandika maoni yake kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Maneno machache, ya kweli. "Muuza samaki asiyenusa," alisema, "siku moja atauza uvundo." Akaniambia pia kwamba kusifu ni rahisi na kuponda ni rahisi zaidi, kazi ni kusema kitu hiki kimekosa nini na kingepata vipi. Na baada yangu, niwaulize wateja wao wanaonaje. Ndipo nilipojua kwamba nimeajiriwa kutoa maoni, kazi ambayo nyumbani nilikuwa nikichapwa kwa ajili yake.

Gemu ya mpira niliiandikia: "Miguu mizuri, refa kipofu. Watu wanakimbia mechi nzima hawatoki jasho. Wachezaji wa Afrika wote wametolewa kalibu moja, hata nywele." Vijana wakakubali, wakaongeza yao: "Maze, kipa analala mapema!" Ya ngumi niliandika kwamba anayebonyeza ovyo anamshinda aliyejifunza, jambo ambalo si haki ila linachekesha, na kwamba dada yule mwenye mateke ndiye bora kuliko wote, lakini avae. Maalimu mmoja alipita akasoma maneno mawili ya mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Nilishukuru Mungu kwamba hakusoma ya juu yake.

Ya magari ilinipa taabu. Picha zilikuwa safi, mngurumo safi, na hakuna hata tope. Niliandika: "Barabara haina shimo wala mbuzi. Sijui ni ya nchi gani." Dereva wa lori aliyekuwa akipeleka maembe Malindi alicheza mara moja, na kila kona alipunguza mwendo. Akaniuliza kwa dhati msafara wa askari wa kusindikiza magari uko wapi. Nilipomwambia hakuna majambazi humo ndani, aliweka padi chini akasema basi hiyo si barabara, hiyo ni ndoto. Ya maiti wanaotembea nayo nilisema inatisha kwa sababu milango inafunguka polepole, lakini mtu wake anageuka kama lori lililobeba mawe, na woga wa kutoweza kugeuka si woga wa kweli. Ile ya matofali yanayoanguka, isiyo na hadithi wala mtu, niliiandikia sifa tupu. Muuguzi mmoja alikuwa akitoka Ngao kuja sokoni, akipita anaicheza kimya, akiondoka uso wake umelegea. Gemu inayompumzisha muuguzi msiicheze shere.

Kisha zikaja zile mvua ambazo kila mtu alijifunza kuziita elnino. Mto ulipanda ukasahau kwake. Mashamba ya kijiji cha Wema yakazama, barabara ya Tarasaa ikakatika, na sisi wa Garsen tukawa kisiwa. Televisheni yetu moja ilikunywa maji ikafa, tukabaki na moja ya kugawana kwa zamu. Maji yalipopungua ukaja ugonjwa wa mifugo. Ng'ombe waliookoka maji walianguka mbugani mmoja mmoja, na Waorma, watu ambao salamu zao huanza kwa kuulizana hali ya mifugo, wakaanza kusalimiana kwa kifupi.

Barabara ilipofunguka, Bwana Famau alirudi na kaseti kutoka Mombasa iliyoandikwa Kijapani kitupu. Jina lake hatujalijua mpaka leo. Tukaiita Ya Shamba. Ndani yake kuna kijana mwenye kofia, ana kibanda, ana konde, ana zizi. Unalima, unamwagilia maji, unakamua ng'ombe, jua linatua, unalala, unaamka. Hakuna anayekufukuza, hakuna bao. Kaseti yenyewe ilikuwa na betri ndogo ndani yake ya kuhifadhi ulipofikia, hivyo ukirudi kesho unakuta mimea yako na mifugo yako. Niliicheza mchana kutwa nikaandika: "Tamu kama likizo. Ila kazi ya shamba isiyoumiza mgongo ina walakini." Komora, mkulima wa Wema aliyepoteza ndizi zote, aliitazama kidogo akaniambia, "Dada Rehema, mto wao haupandi. Sasa huo udongo unapata wapi nguvu?" Nikaliongeza hilo ubaoni na jina lake.

Siku chache baadaye akaingia Godana. Mtu mrefu, wa makamo, Muorma wa upande wa Garsen, kikoi safi na fimbo mkononi. Alisimama mlangoni akitazama kioo, na kwenye kioo kulikuwa na ng'ombe. Akakaa. Akaniuliza nani anachunga. Nikampa padi, nikamwonesha vibonyezo.

Sijawahi kuona mteja kama yule. Asubuhi ya gemu ikifika, wengine hukamua wakauza maziwa wakanunua mbegu. Godana alifungua zizi, akawatoa ng'ombe wote, akawasukuma taratibu hadi ukingoni mwa picha, akasimama nao hapo.

"Nyuma ya hapa kuna nini?"

"Hakuna kitu, kaka. Ndio mwisho wa gemu."

Akanigeukia. "Nani aliweka ng'ombe mahali penye mwisho?"

Kila siku alifanya hivyo, kila siku akirudishwa na ua ule. Gemu inataka uuze ng'ombe ndipo uendelee, ujenge, uongeze. Yeye hakuuza hata mmoja. Mwaka wa gemu ukageuka, mwingine ukageuka, yuko pale pale na ng'ombe wake wanazeeka. Vijana walisema huyu buda hajui kucheza. Mimi niliona anajua kabisa, ila hachezi.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwenye pembe ya juu ya kioo gemu iliandika idadi ya mifugo. Siku ya pili Godana alikuja na kipande cha boksi la majani ya chai na selotepu, akakibandika pale. Kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa idadi mdomoni wala machoni pa watu, ni kuwaitia balaa. Mwenye ng'ombe anawajua kwa kuwatazama, na asiyekuwepo anaonekana kwa pengo lake. Mimi naishi na Waorma tangu utoto, nililijua hilo, nikakiacha kipande kile. Kumbe pembe hiyo hiyo ndiyo ya mabao katika gemu ya mpira!

"Madhe, hii ni noma! Tutajuaje nani anaongoza?"

"Mtakumbuka. Wenzenu wanakumbuka zizi zima."

Walilalamika wiki nzima. Baadaye wakazoea, wakawa wanagombania mabao kwa kumbukumbu, na mechi ikawa tamu kuliko ilipokuwa na tarakimu. Kama mnataka ushauri wa kazi, huo ni mmoja: kitu alichokibandika mteja kwa uchungu msikibandue haraka.

Mchana mmoja akaja mke wake, Habiba. Hakuingia. Alisimama kivulini, akaniita nje.

"Dada Rehema, mume wangu anafanya nini humo ndani?"

"Anachunga."

Nilidhani atanicheka. Alishika kinywa kwa mtandio wake, machozi yakamtoka. Ndipo akanieleza. Mafuriko na ugonjwa vilikuwa vimewachukua ng'ombe wao wote, zizi limebaki samadi. Kwao kuna njia ya kumwinua mtu aliyeanguka hivyo: ndugu wa ukoo wanakaa, na kila mmoja anatoa mtamba, jike ambaye hajazaa bado. Lakini lazima yeye mwenyewe aseme mbele ya mkubwa wa ukoo kilichomtoka, ng'ombe kwa ng'ombe, kwa jina na kwa mama yake. Hakuna wa kumsemea, hata mke. Asiposema, ni kama hajafikwa na kitu, na mtu hasaidiwi kwa jambo ambalo halijatokea.

"Wamemngoja," alisema Habiba. "Baba yake mkubwa, Mzee Wario, ndiye mkubwa wa ukoo, na amemwita mara mbili. Anakwenda, anakaa, anafungua mdomo, hakuna sauti. Sasa anasema anakwenda Mombasa kuwa mlinzi wa geti. Akishaenda kule, Dada, harudi na ng'ombe tena. Atarudi mzee wa sare."

"Anaondoka lini?"

"Lori likipatikana, juma hili."

Nikarudi ndani na moyo wangu mzito. Mimi si ndugu yake, si kabila lake, si dini yake. Kitu pekee nilichokuwa na ruhusa ya kumuuliza ni kile ninachomuuliza kila mteja. Nikakaa karibu naye kwenye benchi na chaki yangu.

"Kaka Godana, hii gemu umeicheza kuliko mimi. Hujanipa maoni. Ina kasoro gani?"

Akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Ng'ombe hii yote sura moja. Nyeusi na nyeupe, nyeusi na nyeupe. Mtu aliyechora hii hajawahi kuamka asubuhi kutafuta ng'ombe." Akavuta pumzi. "Na hii haina mama. Unanunua, inakuja kutoka hewani. Ng'ombe bila mama utaijua vipi? Utaitaje?"

"Wako mlikuwa mkiwaitaje?"

Padi ikatulia mkononi mwake. Nilifikiri nimeharibu. Akasema polepole, "Kulikuwa na mmoja wa majivu. Akisikia sauti yangu tu, anageuza sikio moja. Sikio moja, Dada. La pili analiacha kwa malisho." Akatabasamu, kisha akainuka akaondoka.

Niliandika ubaoni: "Ng'ombe hawana mama. Godana." Kesho yake akaja akakuta jina lake, akasoma mara mbili, akakaa na kuniambia kasoro nyingine: ng'ombe wa gemu hawamngojei aliyechelewa. Wake mmoja alikuwa hatembei mpaka ndama wa mwisho afike. Siku iliyofuata ikawa kasoro ya pembe. Kila kasoro ilimtoa ng'ombe mmoja kifuani mwake. Vijana wa mpira wakaacha kumsukuma amalize zamu, wakawa wanasikiliza, wanaulizana yule mwenye pembe iliyopinda alipigana na nani. Nikamtumia Habiba ujumbe kwa Komora: mwambie Mzee Wario aje hapa, akae nyuma kama mteja, asiseme neno.

Alikuja alasiri ya siku ya soko. Mzee mwembamba, kilemba cheupe. Akakaa benchi la nyuma katikati ya vijana wawili wenye kofia za mpira, fimbo magotini. Habiba akabaki nyuma ya mlango. Godana aliingia na jua machoni, hakuona mtu, akaenda moja kwa moja mbele ya kioo. Nikachomeka kaseti.

Kijana mwenye kofia akatokea. Kibanda kikatokea. Konde likatokea, magugu matupu. Zizi lilikuwa wazi na hamna kitu ndani.

Nikaitoa kaseti, nikaisugua kwa spiriti, nikairudisha. Magugu, zizi tupu. Ile betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, pengine kwa unyevu wa mafuriko, pengine kwa uzee. Katika kazi hii nimewaambia watu mambo mengi magumu, kwamba mashine imeungua, kwamba fainali yao imekatika stima. Hakuna lililonishinda mdomoni kama lile. Mtu aliyepoteza zizi lake mara moja, nimwambie mimi kwamba amepoteza na la pili, na lori la Mombasa liko sokoni linapakia?

"Dada, wamekwenda wapi?"

"Wamefutika, kaka. Betri ya kaseti imekufa. Wamefutika wote. Nisamehe."

Godana alitazama zizi lile tupu. Aliweka padi chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Hawa sina la kusema," alisema. "Hawa hawakuwa na majina. Walionitoka walikuwa na majina."

Na akaanza kwa Kiorma. Kiorma nimekisikia sokoni tangu naanza kutembea, nilifuata. Alisema jina la wa majivu, na mama yake, na mama wa mama yake aliyevuka mto kwa kuogelea wakati wa babu. Alisema yule aliyengojea ndama wa mwisho, na kwamba alikufa akiwa amesimama maana hakutaka kulala kabla ya wengine. Akamsema mwekundu ambaye Habiba alipewa siku ya harusi, na hapo mlangoni nikasikia Habiba akivuta pumzi. Mmoja baada ya mwingine, bila idadi, bila haraka, huku mgongo wake ukinyooka. Vijana wa mpira hawakuelewa neno, lakini mmoja alivua kofia, na wa pili akamfuata. Mimi nililia wazi, chaki mkononi, sikujali nani ananiona.

Alipofika mwisho alisema, "Na ndama mmoja. Alizaliwa maji yakiwa mlangoni. Huyo sikuwahi kumpa jina."

Nyuma yake fimbo ikagonga sakafu. Godana akageuka, akamwona baba yake mkubwa. Akataka kusimama, mzee akampungia akae. Mzee Wario akainuka yeye, akapita katikati ya nyaya zangu bila kukanyaga hata mmoja, akamwekea mkono begani.

"Nimesikia," alisema. "Wote nimewasikia."

Godana akainamisha kichwa.

"Mtamba wa kwanza anatoka kwangu. Naye hatujampa jina. Utampa wewe."

Nje dereva alikuwa akipiga honi na kuita wa Mombasa, wa Mombasa, mara ya mwisho. Godana alipangusa uso kwa ncha ya kikoi, akainua macho kwa mzee.

"Ana rangi gani?" akauliza.